Beta bloka, verapamili au digoksini? Dawa tatu za kutuliza mapigo ya AF, na zinachofanya kwenye kalsiamu ya seli ya moyo

Mtu akiambiwa ana AF, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo badala ya kubana kwa mpangilio, na mapigo yanakimbia 130, 140 hata akiwa amekaa tu kwenye kiti, kitu cha kwanza daktari anachotafuta ni kushusha hiyo kasi. Na hapo ndo maswali yanapoanza. Mmoja kaandikiwa bisoprololi, jirani yake mwenye ugonjwa huohuo kapewa digoksini, wa tatu kaenda hospitali nyingine karudi na diltiazemu, siku wakikutana wanaonyeshana maboksi na kila mtu anaondoka na wasiwasi kwamba yeye ndo kapewa ile isiyofaa.

Mi nataka tuziweke hizi dawa pembeni kwa pembeni tuziangalie kwa haki, kwa sababu kupewa dawa tofauti haimaanishi mmoja kakosewa. Zote tatu zinaishia kwenye kitu kimoja, kalsiamu ndani ya seli ya misuli ya moyo, ila kila moja inaingilia sehemu yake, na ugonjwa nao unakuta umeshaharibu sehemu fulani ya hiyohiyo njia. Ukishajua moyo wako umeharibika wapi, dawa inayokufaa inaanza kujionyesha yenyewe. Nasema mapema, hakuna hapa dawa ya kujinunulia, hii ni ya kukusaidia uongee na daktari wako ukiwa unaelewa.

## Kalsiamu inafanya nini humo ndani

Mwaka 1883 daktari mmoja wa London, Sydney Ringer, alichapisha kitu ambacho hakukitegemea: mioyo ya vyura aliyokuwa ameiweka kwenye maji ya chumvi ilikuwa inaendelea kupiga vizuri kumbe kwa sababu yale maji yalikuwa ya bomba, yenye kalsiamu ndani yake, alipotumia maji yaliyokenekwa, yasiyo na kalsiamu, kubana kukafifia mpaka kukaisha. Hapo ndo ikajulikana kwamba bila kalsiamu moyo haubani kabisa.

Kinachotokea ni hivi. Nje ya seli kalsiamu iko nyingi, ndani wakati moyo umepumzika iko kidogo mno, tofauti yake ni kama mara 10,000. Umeme wa moyo ukipita juu ya seli, milango ya kalsiamu ya aina ya L inafunguka, kalsiamu kidogo inaingia, na hiyo kidogo haitoshi kubana moyo ila inakwenda kufungua milango mingine ya ndani inayoitwa vipokezi vya raianodini, iliyoko kwenye stoo ya seli, sakoplazimiki retikulamu, stoo inamwaga kalsiamu nyingi kwa mara moja, kalsiamu inashika protini ya troponini na nyuzi za misuli zinavutana, ndo pigo hilo. Halafu yote inabidi iondolewe kabla ya pigo linalofuata, maana isipoondolewa moyo haulegei na usipolegea haujai damu. Kwa binadamu kama asilimia 70 inarudishwa stoo na pampu inaitwa SERCA, na karibu yote inayobaki inasukumwa nje ya seli na kibadilishaji ambacho kila kikitoa kalsiamu moja kinaingiza sodiamu tatu. Shika hiyo ya sodiamu, tutaihitaji kwenye digoksini.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye misuli ya vyumba vya chini, kalsiamu ndo nguvu ya kusukuma. Lakini kwenye nodi ya AV, kale kasehemu kadogo ambako umeme wa juu lazima upite ili ufike chini, kalsiamu ndo umeme wenyewe, seli za pale zinawaka kwa kalsiamu inayoingia, sio kwa sodiamu kama misuli mingine. Kwa hiyo ukiibana kalsiamu kwenye nodi, vurugu za juu zinapita chache na mapigo yanashuka, vizuri, ila ukiibana hiyohiyo kwenye misuli unaondoa nguvu. Kasi na nguvu zinategemea kalsiamu ileile. Ugumu wote wa kuchagua unatoka hapo.

Ugonjwa nao unaingia humohumo. Moyo ulioshindwa, yaani hatfelia, SERCA inakuwa imedhoofika, stoo haijai vizuri, milango ya raianodini inavuja wakati ilitakiwa iwe imefungwa, na kile kibadilishaji kinakuwa kimeongezeka kinaitupa kalsiamu nje. Matokeo ni mawili kwa mpigo mmoja, kubana kunakuwa dhaifu kwa sababu stoo ina kidogo, na mapigo ya ziada yanazuka kwa sababu kalsiamu iliyovuja ikitolewa nje inaingiza chaji ya sodiamu, moja kwa tatu, seli inajiwasha yenyewe bila kuitwa. Kuvuja huku kumeonekana pia kwenye vyumba vya juu vya watu wenye AF. Kuna hata watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya raianodini, ugonjwa unaitwa CPVT, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inatoka safi kabisa, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) wakiwa wamepumzika iko sawa, lakini mtoto akikimbia au akishtuka sana anaanguka. Wapo wanaoishi miaka wakitibiwa kama kifafa, inasikitisha sana.

Na kwa wanaouliza kama waache maziwa au wanywe zaidi: hapana. Kalsiamu ya damu inasimamiwa na tezi ndogo za shingoni na figo, glasi ya maziwa haibadilishi kinachomwagwa na stoo ya seli ya moyo.

## Vigezo nitakavyotumia

Kila dawa nitaiuliza maswali yaleyale: inaingilia wapi kwenye njia ya kalsiamu, inafanya nini kwa nguvu ya kusukuma (hapa namba ya EF kwenye ripoti ya eko, yaani asilimia ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kila pigo, ndo mwamuzi), inashusha mapigo ukiwa umekaa tu au hata ukitembea, inagombana na magonjwa na dawa gani, na inataka uangalizi kiasi gani. Kisha inamfaa nani.

Kuhusu lengo la mapigo usijitese. Utafiti wa Uholanzi uitwao RACE II, uliotoka 2010, uliwagawa wagonjwa wa AF 614, kundi moja likalazimishwa chini ya 80 kwa dakika wakiwa wamepumzika, lingine likaachwa chini ya 110 tu, na waliolegezewa hawakufanya vibaya zaidi. Kwa wengi chini ya 110 ni pa kuanzia, kama hujisikii vibaya.

## Beta bloka: bisoprololi, metoprololi, kavediloli

Inaingilia wapi. Haigusi kalsiamu moja kwa moja. Adrenalini ikishika kipokezi cha beta inatuma ujumbe ndani ya seli, milango ya aina ya L inafunguka zaidi, raianodini inalegea, na breki ya SERCA iitwayo fosfolambani inaachiliwa, yaani kalsiamu inazunguka nyingi na kwa haraka. Beta bloka inazuia ujumbe huo usifike. Kwa hiyo nodi inatulia na moyo unaacha kuchapwa kila saa.

Nguvu ya kusukuma. Hapa ndo pana historia ya kushangaza. Miaka mingi madaktari walifundishwa usimpe beta bloka mtu mwenye hatfelia, na kwa siku za mwanzo walikuwa na hoja, inapunguza nguvu kweli. Lakini 1999 majaribio mawili makubwa, CIBIS-II ya bisoprololi na MERIT-HF ya metoprololi, yote yalionyesha vifo vikipungua kwa asilimia 34 kwa watu wenye moyo dhaifu. Sababu inaeleweka ukirudi kwenye seli, moyo unaoshindwa unachapwa na adrenalini bila kupumzika, uvujaji unaongezeka, stoo inazidi kuwa tupu, ukiutuliza kwa miezi ile mitambo ya kalsiamu inajirekebisha kiasi na EF ya wengi inapanda. Masharti ni kwamba unaanza na dozi ndogo sana, unapanda taratibu, na hauanzi wakati mapafu yamejaa maji na mtu anahema.

Niseme na upande wa pili, maana haki ni haki. Wagonjwa wengi wa majaribio yale walikuwa na mapigo ya kawaida, sio AF. Mwaka 2014 watafiti waliunganisha takwimu za majaribio 10, na kwa wale wenye AF pamoja na moyo dhaifu hawakuona vifo vikipungua kama kwa wenzao. Haikuwadhuru pia. Bado ndo inayoanzwa nayo mara nyingi, ila sio kwa uhakika uleule.

Halafu jina la dawa lina uzito, bisoprololi, kavediloli na ile metoprololi ya saksineti inayotoka taratibu ndizo zenye ushahidi mzuri kwa moyo dhaifu, atenololi iliyozoeleka sana kwenye presha haimo kwenye hilo kundi.

Kukaa na kutembea. Inashusha kote kuwili, kwa sababu inazuia adrenalini na adrenalini ndo inayopandisha mapigo ukipanda ngazi. Ubaya ni kwamba wengine wanahisi miguu mizito na uchovu.

Inagombana na nini. Pumu, hasa ukichukua kavediloli au propranololi zisizochagua vipokezi. Mwenye kisukari anayechoma insulini ajue kwamba ule mshtuko wa moyo kudunda sukari ikishuka unaweza kufichwa, jasho linabaki. Mikono ya baridi ipo, nguvu za kiume kupungua kwa baadhi ipo pia na watu wanaona aibu kusema, semeni, dozi inaweza kubadilishwa. Na usiikate ghafla hata siku moja, mapigo na presha vinaweza kuruka juu vibaya.

Uangalizi. Mdogo, presha na mapigo tu.

Inamfaa mwenye EF ya chini ambaye hajajaa maji, mwenye AF pamoja na historia ya moyo kukosa damu, mwenye goita inayomwaga homoni nyingi (homoni hizo zinaongeza SERCA na kuufanya moyo uzungushe kalsiamu kwa kasi, beta bloka inatuliza mpaka goita itibiwe), na kijana ambaye anatembea na kufanya kazi za nguvu.

## Verapamili na diltiazemu

Inaingilia wapi. Moja kwa moja, inaziba ile milango ya aina ya L. Ni Albrecht Fleckenstein wa Freiburg, Ujerumani, miaka ya 1960, aliyeona verapamili inaufanya moyo uwe kama umenyimwa kalsiamu, yaani kile alichokiona Ringer kwa vyura, sasa kwa kidonge.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa sababu kuna mkanganyiko mkubwa mno: amlodipini nayo ni kizuia kalsiamu, na ndo dawa ya presha ambayo karibu kila nyumba yenye mzee inayo, lakini amlodipini inafanya kazi kwenye mishipa ya damu, haipunguzi kasi ya nodi ya AV. Mtu mwenye AF anayesema "mi nshameza ya kalsiamu tayari" kwa sababu anatumia amlodipini, mapigo yake bado hayajaguswa.

Nguvu ya kusukuma. Ndo udhaifu wake mkubwa. Moyo wenye stoo nusu tupu ukiuzibia na mlango wa kuingilia, unaupokonya ile kidogo iliyobaki. Mwaka 1988 jaribio kubwa la diltiazemu kwa watu waliopata shambulio la moyo lilionyesha kwamba waliokuwa na maji kwenye mapafu walifanya vibaya zaidi kwa dawa kuliko bila dawa. Tangu hapo kanuni iko wazi, EF ikiwa 40 kushuka chini hizi mbili hazitumiwi. Verapamili ndo inanyonya nguvu zaidi kati ya hizo mbili.

Lakini kwa moyo wenye nguvu nzuri? Hapo zinang'aa na watu wanazisahau. Utafiti wa Norway uitwao RATAF, uliotoka 2013, uliwapa wagonjwa 60 wenye AF ya kudumu na moyo usioshindwa dawa nne kwa zamu, diltiazemu, verapamili, metoprololi na kavediloli, na diltiazemu ndo iliyoshusha mapigo zaidi ya zote, halafu dalili zilipungua kwa zile mbili za kalsiamu, wakati kwa beta bloka uwezo wa mazoezi ulishuka. Wagonjwa ni wachache, ndio, lakini kila mtu alijaribu zote nne kwa hiyo ulinganisho wake una maana.

Kukaa na kutembea. Zote, vizuri.

Inagombana na nini. Mapafu haziyasumbui, na hilo kwa mwenye pumu ni neema. Verapamili inaleta choo kigumu, kwa wazee inaweza kuwa kero kweli, diltiazemu inaweza kuvimbisha miguu. Zinapandisha kiwango cha digoksini kwenye damu, verapamili hasa, na zinagombana na simvastatini ya kolesteroli. Na kuchanganya na beta bloka ni jambo la daktari bingwa peke yake, zote mbili zinakandamiza nodi ileile na moyo unaweza kupungua mapigo mpaka mtu azimie, kwa sindano ni hatari zaidi.

Uangalizi. Eko kabla ya kuanza. Hili silitanii, bila kujua EF unaanza kwa kubahatisha.

Inamfaa mwenye EF nzuri na pumu, mwenye EF nzuri na presha ya juu, na yule ambaye beta bloka imemchosha mpaka anaacha kuimeza.

## Digoksini

Inaingilia wapi. Kwa mlango wa nyuma kabisa, na mi naona ndo yenye akili zaidi kati ya hizi tatu. Inazuia pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye ngozi ya seli. Sodiamu inaongezeka ndani kidogo, sasa kile kibadilishaji kinachoingiza sodiamu tatu ili kutoa kalsiamu moja kinakosa msukumo, kalsiamu inabaki ndani, SERCA inaipeleka stoo, na pigo linalofuata stoo inamwaga zaidi. Nguvu inaongezeka. Kushusha mapigo ni njia nyingine, inaamsha neva ya vegasi ambayo inatuliza nodi ya AV.

Ni ya zamani, William Withering wa Uingereza aliandika 1785 kuhusu mmea wa digitali ambao dawa hizi zilianzia, akieleza wagonjwa waliojaa maji mwilini walivyopata nafuu na akionya mapema kuhusu sumu yake.

Nguvu ya kusukuma. Kati ya hizi tatu ndo peke yake inayoongeza nguvu hapohapo badala ya kuipunguza, na haishushi presha, kwa hiyo mtu ambaye presha yake ni 90 kwa 60 na moyo dhaifu anaweza kuimeza pale ambapo nyingine zingemwangusha. Inaongeza maisha? Jaribio la DIG la 1997 kwa wagonjwa wa hatfelia 6,800, ambao hawakuwa na AF, lilionyesha vifo haviongezeki wala havipungui, ila kulazwa kwa sababu ya hatfelia kulipungua. Kwa wenye AF kuna RATE-AF ya Uingereza ya 2020, wazee 160, wengine bisoprololi wengine digoksini ya dozi ndogo, baada ya miezi 6 hali ya maisha kwa kipimo kikuu ilikuwa sawa, lakini waliopata madhara walikuwa asilimia 25 kwa digoksini na 64 kwa bisoprololi. Utafiti mdogo, dozi ndogo, watu walioangaliwa kwa karibu. Hata hivyo umenifanya niache kuiona digoksini kama dawa ya kizamani inayotolewa ikikosekana nyingine.

Kukaa na kutembea. Ukiwa umekaa inashusha vizuri. Ukiinuka ukabeba ndoo, vegasi inajiondoa na adrenalini inatawala, mapigo yanaruka. Kwa hiyo mtu anapimwa kliniki ametulia, 78, anaambiwa hongera, anafika nyumbani akifua nguo moyo unamtoka. Kama ni wewe, mwambie daktari apime baada ya kukutembeza ukumbini kidogo.

Inagombana na nini. Tatizo lake ni kwamba dozi inayosaidia na dozi inayodhuru ziko karibu karibu. Kalsiamu ikizidi stoo inafurika, inaanza kumwaga bila kuitwa, na mapigo hatari yanazuka, yaani ni ileile njia inayoongeza nguvu ndo inayoua ikipitiliza. Dalili za mwanzo hazifanani na za moyo kabisa: hamu ya kula inapotea, kichefuchefu, kutapika, mzee anachanganyikiwa, wengine wanaona vitu vina rangi ya njano au kijani. Familia inadhani ni malaria au madonda ya tumbo.

Figo ndo zinaitoa, kwa mwenye figo nzima inachukua kama siku moja na nusu hadi mbili nusu yake kutoka, figo zikichoka inakusanyika. Potasiamu ikishuka sumu inaongezeka kwa sababu potasiamu na digoksini zinagombania sehemu moja kwenye ile pampu, na Lasix, dawa ya kukojoza maji, ambayo wagonjwa hawahawa wanameza ndo inayopoteza potasiamu. Kwa hiyo mtu wa digoksini na Lasix akiharisha siku tatu, hilo ni la hospitali. Amiodaroni (dawa nyingine ya mapigo ya moyo), verapamili na antibaiotiki ya klarithromaisini zinapandisha kiwango chake pia.

Uangalizi. Mkubwa kuliko zote, kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu mara kwa mara, na pale inapowezekana kiwango cha dawa kwenye damu, kwa hatfelia kinatakiwa kama nanogramu 0.5 hadi 0.9 kwa mililita. Sehemu ambazo hicho kipimo hakipo, dozi ndogo na vipimo vya figo ndo ulinzi wako.

Inamfaa mwenye moyo dhaifu na presha ya chini, mzee ambaye shughuli zake ni chache, na kama nyongeza juu ya beta bloka ambayo haijatosha.

## Zikichanganywa

Beta bloka na digoksini ni ndoa ya kawaida, moja inashika mapigo ya kutembea, nyingine ya kukaa, na dozi zote zinaweza kubaki ndogo. Verapamili na digoksini inawezekana ila dozi ya digoksini inapunguzwa. Beta bloka na verapamili, nimeshasema.

Na kitu kimoja kinachonikera kila nikikisikia: mapigo yameshuka, mtu anaacha dawa ya kulainisha damu. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayozuia damu kuganda kwenye chumba cha juu kinachotetemeka, kiharusi kinatoka hapo. Kwa wenye AF iliyotokana na valvu iliyobana kwa ruma (homa ya rumatiki), jaribio la INVICTUS la 2022 lilionyesha dawa za kundi la warfarini zinafanya vizuri kuliko rivaroksabani, kwa hiyo warfarini na kipimo cha INR (cha kasi ya damu kuganda) vinabaki palepale.

## Kulingana na hali yako

*Eko haijafanyika.* Anza hapo. Kama haiwezekani leo na mapigo yanakimbia, madaktari wengi watakwepa verapamili na diltiazemu mpaka EF ijulikane, na ni sahihi.

*EF 40 au chini, hujajaa maji.* Beta bloka ya zile tatu, dozi ndogo, kupanda taratibu. Haitoshi, digoksini inaongezwa.

*EF ya chini, unahema, presha imeshuka.* Hii ni ya kulazwa, na digoksini ndo inayofikiriwa mapema, wakati mwingine amiodaroni.

*EF nzuri, una pumu.* Diltiazemu au verapamili.

*EF nzuri, una presha ya juu, huna pumu.* Beta bloka au diltiazemu, zote ni sawa, amua kwa madhara yanayokusumbua na ipi inapatikana kwenye duka la dawa unalolifikia kila mwezi.

*Kijana, valvu ya maitro (iliyo kati ya vyumba vya kushoto, cha juu na cha chini) imebana kwa ruma.* Nalitaja peke yake kwa sababu kwetu ni wengi, utafiti wa REMEDY uliosajili wagonjwa zaidi ya 3,300 wa moyo wa ruma, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Rwanda, ulikuta umri wa katikati ni miaka 28 tu. Hapa misuli mara nyingi bado ina nguvu, shida ni kwamba damu inahitaji muda wa kupita kwenye tundu dogo, mapigo yakikimbia muda huo haupo na mapafu yanajaa. Beta bloka ndo inayopewa nafasi ya kwanza, digoksini inasaidia ukiwa na AF, na dawa yoyote ni ya kusubiria valvu ishughulikiwe. Mama akiwa mjamzito metoprololi na digoksini zimetumika kwa miaka mingi, atenololi inakwepwa, na mpango wa warfarini lazima uongelewe mapema kabla ya mimba ikiwezekana.

*Figo zimechoka.* Digoksini kwa dozi ndogo sana na vipimo, au isitumike kabisa. Atenololi nayo inatolewa na figo. Bisoprololi kwa uangalifu, diltiazemu kama EF inaruhusu.

*Umeambiwa una WPW, njia ya ziada ya umeme.* Verapamili, diltiazemu na digoksini ni hatari AF ikitokea, beta bloka pia inakwepwa, kwa sababu ukiibana nodi umeme unapita kwa ile njia ya pembeni isiyo na breki na vyumba vya chini vinaweza kwenda kasi ya kuua. Andika hilo neno WPW kwenye karatasi ukae nalo kwenye pochi, daktari wa zamu ya usiku alione kabla hajavuta sindano.

*Mtoto au kijana anayezimia akikimbia au akishtuka, eko safi.* Huyu sio wa kulinganisha dawa za AF, anatakiwa apimwe ECG huku akifanya mazoezi chini ya uangalizi, kutafuta CPVT. Matibabu yake yanaanza na beta bloka, hasa nadololi, na flekainidi ikihitajika, na hakuna kukosa kidonge hata siku moja.

*Tayari unatumia digoksini na uko vizuri.* Huna sababu ya kuiacha kwa sababu tu jirani anatumia nyingine. Uliza lini kreatinini na potasiamu vilipimwa mara ya mwisho, na kama hakuna anayekumbuka, vipimwe wiki hii.